Sikio la kushoto: niliyoyapitia kuruka na parachuti huku masikio yanaziba

Naandika hii kwa wale wanaoruka na parachuti, ama wanaotaka kuanza, na masikio yanawasumbua kila wakishuka. Sisemi ile kuziba kidogo ukameza mate pakafunguka, hiyo kila mtu anaipata. Nasema lile sikio linaloziba Jumamosi na mpaka Jumanne bado unawasikia watu kwa mbali, alafu wikendi ukiruka tena linakuwa baya kuliko mwanzo. Langu limenisumbua zaidi ya mwaka, limenila pesa, limeniweka chini miezi, na mengi niliyohangaika nayo kama ningepata mtu wa kunieleza mapema yangeniepuka.

Mimi mtu wa Likoni, kazi yangu ni kukunja parachuti huko Diani, ufukwe wa kusini mwa Mombasa. Wageni wanakuja, wanafungwa kwa mwalimu, ndege inapaa kutoka uwanja mdogo wa Ukunda, wanashuka ufukweni, na sisi wakunjaji tunapiga magoti kwenye turubai siku nzima kupanga kitambaa na kamba. Sasa ukifanya hiyo kazi muda mrefu, unawaona watu wanatua wanalia kwa furaha, nawe hamu inakuingia. Kozi ya kuruka mwenyewe inahesabiwa kwa dola kwahiyo nililipa kidogo kidogo, nyingine ikakatwa kwenye kazi, na nataka mlijue hilo manake ndo linaeleza mbona sikio lilipoanza kuniuma sikutaka kumwambia mtu. Kila mruko niliulipia kwa jasho. Kuukosa niliona ni hasara kubwa kuliko kuumwa.

Mwanzo ilikuwa la kushoto tu. Nikitua, sauti yangu mwenyewe nasikia ndani ya kichwa kama naongea ndani ya mtungi, jioni nikipiga miayo linalia "tik" linafunguka, yameisha. Baada ya muda likawa halifunguki jioni, linafunguka kesho yake. Alafu kesho kutwa. Alafu likaanza kuvuma, mvumo mwembamba hivi ambao mchana huusikii lakini usiku ukilala ndo unausikia vizuri.

Nikamuuliza mjomba wangu, alikuwa jeshini, aliruka parachuti enzi zake. Akanijibu, "Mwanangu, sisi tumeruka na mizigo mgongoni na hakuna aliyelalamika masikio, nyinyi mnaruka starehe mnaumwa vipi?" Nikanyamaza manake ni mkubwa wangu, lakini baadaye nilikuja kuelewa alikuwa anasema kweli na kweli yake haikunihusu. Wanajeshi wale wanarukia chini sana, kama futi 1,000 hivi, na parachuti inavutwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege, hakuna kuanguka. Hapo presha ya hewa inabadilika kidogo tu. Sisi tunatoka futi 10,000 hadi 12,000 na tunaanguka karibu kilomita 200 kwa saa kwa sekunde arobaini na kitu kabla hatujafungua.

Hapa nieleze kidogo, manake bila kulielewa hili utahangaika tu na madawa. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna kichumba kina hewa, na kile kichumba kina mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua, kwenye koo. Ukipaa, hewa ya nje inapungua, ile ya ndani inatanuka na inatoka yenyewe kwa mrija, hufanyi kitu. Ukishuka mambo yanageuka, hewa ya nje inakuwa nzito, inasukuma ngoma kwenda ndani, na ule mrija haujifungui wenyewe, lazima uufungue kwa kumeza ama kupiga miayo ama kubana pua. Yeyote aliyeshuka na matatu kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu anaijua hiyo hali. Kwenye ndege ya abiria hewa ya ndani inarudishwa taratibu, futi 300 mpaka 500 kwa dakika. Sisi tunaanguka kama futi 10,000 kwa dakika. Hesabu tofauti yake.

Na kitu kilichonishangaza, presha yenyewe si kubwa. Kutoka futi 12,000 mpaka ufukweni ni sawa na mzamiaji kushuka chini kidogo ya mita 4 za maji, mtoto wa Gazi anashuka hiyo akitafuta pweza. Tatizo ni kasi, manake ukichelewa kuzibua na tofauti ya presha ikafika kama milimita 90 za zebaki, mrija unajibana, misuli haiwezi tena kuufungua hata umeze mate mpaka ukauke. Kutoka futi 12,000, kama nusu dakika ya kuanguka bila kuzibua inatosha kukufikisha hapo.

Sasa turudi kwangu. Mama alitaka kunitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kitunguu saumu, dawa ya nyumbani tuliyokulia, na nilikubali mara ya kwanza, likatulia kidogo kwa ule moto moto wake, kesho yake palepale. Nikaenda duka la dawa, kijana akanisikiliza nusu dakika akanipa matone ya sikio bila kuangalia ndani. Zahanati moja nikapewa antibayotiki, nikameza dozi yote, hakuna kilichobadilika. Wote hawa walikuwa wanatibu sikio, na sikio lenyewe halikuwa na ugonjwa. Naomba mtu akishika jambo moja kwenye maneno yangu yote basi lishike hili, sikio linaloziba kila ukishuka, mchunguze pua kwanza.

Pua yangu kumbe ilikuwa imejaa siku zote na nishaizoea. Asubuhi nikiamka napiga chafya mfululizo, upepo wa kusi ukianza na unyevu wake ndo zaidi, na pale kwenye turubai tunakunja vitambaa vilivyojaa mchanga na vumbi, unavuta hewa hiyo kutwa. Mtu akiniuliza una mafua nasema sina. Sikuwa nadanganya, kwangu ile ndo ilikuwa hali ya kawaida. Nikajinunulia matone ya pua yale ya kuzibua haraka, yenye oxymetazoline, na lo, dakika kumi tu pua wazi, masikio yanafunguka, nikaona nimepata. Nikayatumia kila siku ya kuruka, baadaye kila siku hata ya kutoruka. Mle kwenye karatasi ya ndani ya boksi imeandikwa kabisa usizidishe siku chache. Ukizidisha, yakiisha nguvu pua inavimba kuliko mwanzo, na unayataka tena, na ule mrija wa sikio unavimba pamoja na pua.

Ndo yakanitokea yaliyonitokea. Ilikuwa mruko wa mchana, asubuhi nimeshatia matone, nilikuwa na kamafua kidogo. Tukapaa, nikameza mate, masikio yakafunguka safi kila tukipanda, nikajiambia leo niko sawa. Hapo ndo wengi tunadanganyika. Kupaa hakupimi chochote! Kupaa mara nyingi hewa inatoka yenyewe hata mrija ukiwa umevimba, kinachokupima ni kushuka, na ukishatoka mlangoni hakuna kurudi.

Sekunde za mwanzo sawa. Alafu la kushoto likaanza kubana, nikasogeza taya, hakuna, nikameza, hakuna, na maumivu yakawa kama mtu anapitisha msumari kutoka sikioni kwenda kwenye jino. Kufungua parachuti nikafungua kwenye futi zangu manake altimita, kile kipimo cha urefu kutoka chini, iko mkononi na macho yalikuwa hapo, namshukuru Mungu. Parachuti ikafunguka vizuri, nikaiangalia, nikabana pua nikapuliza kwa nguvu, na hapo la kulia likafunguka ghafla na la kushoto likabaki limeziba, na dunia ikazunguka. Bahari ikaenda upande, minazi ikaja juu. Hali hiyo inatokea presha ya sikio moja ikitofautiana sana na la pili, ubongo unapata habari mbili zinazopingana. Ilidumu sekunde chache lakini chini ya parachuti sekunde chache ni nyingi.

Na redio ya mwanafunzi, ile mwalimu anayokuongoza nayo kutua, kwenye kofia yangu ilikuwa upande wa kushoto. Nasikia mkwaruzo tu, maneno hayashiki. Nikaangalia bendera ya upepo, nikaangalia mikono ya mwalimu pale mchangani, nikatua kwa hiyo, nikakaa chini palepale. Nilipovua kofia kwenye sponji ya ndani kulikuwa na tone la damu, dogo, kama la mbu aliyepigwa. Maumivu yalikuwa yameisha kabisa na nikafurahi, sikujua kwamba maumivu kuisha ghafla namna ile mara nyingi ndo dalili ngoma imetoboka.

Mwalimu hakunigombeza. Aliniambia, "Kwangu huruki tena mpaka uniletee karatasi ya daktari wa masikio, na si daktari yeyote, wa masikio." Nilikasirika siku ile. Leo namheshimu kwa neno lile.

Daktari nilimpata Mombasa mjini, kumuona tu elfu tatu na kitu, kipimo cha kusikia na kile cha presha ya sikio navyo vikaenda zaidi ya hapo, jumla ilikuwa karibu mshahara wangu wa wiki mbili. Sitasema ni rahisi. Lakini zile pesa nilizokuwa nishazitupa kwenye matone na antibayotiki ukizijumlisha zilikaribia hizohizo. Akaangalia ndani na taa yake, akasema tobo dogo, litajifunga lenyewe kwa wiki kadhaa bora tu lisiingie maji wala dawa ya kudondosha. Akaniuliza yale matone ya sikio ya mwanzo yalikuwa yapi, nikampa kichupa, akasoma, ilikuwa na gentamicin. Akaniambia dawa za aina hiyo zikipita kwenye ngoma iliyotoboka zinaweza kuharibu usikivu wenyewe, na mafuta ya mama vilevile si ya kutia kwenye tobo. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama taratibu, akaelewa, alisikitika kuliko mimi.

Wiki zile za kungoja nilikuwa naoga na pamba iliyopakwa vaselini sikioni. Nilimuuliza daktari habari za udhu, akasema pangusa nje kwa kidole chenye unyevu kama kawaida, hakuna neno, maji yasiingie ndani tu. Bahari ikawa mwiko. Ndege nikawa naziangalia zikipaa huku nakunja, na sitaficha, ilikuwa inaniuma, kuna siku nilitaka kuacha kazi yenyewe ili nisiwaone wenzangu wakienda.

Tobo lilipofunga ndo akanifanyia kile kipimo cha presha. Wanakuwekea kiraba laini mlangoni mwa sikio, kinavuma, unahisi kama unashuka lifti, na kwenye karatasi inachorwa mistari. La kulia lilichora kilima kizuri katikati. La kushoto kilima kilikuwa kimesogea kabisa upande wa kushoto wa karatasi. Akanionyesha kwa kalamu, "Hapa ndipo kilipaswa kuwa, kijana, hewa ndani ya sikio lako iko chini kuliko ya nje hata sasa umekaa kwenye kiti changu." Yaani nilikuwa napaa nikiwa na hasara tayari kabla sijafika hata uwanjani. Kama una tatizo linalojirudia na hujapimwa kipimo hiki, basi bado hujapimwa.

Dawa aliyonipa ni ya kupuliza puani yenye steroidi, ile ya mzio, mara moja kwa siku. Hii si kama yale matone. Haifungui pua dakika ileile, inataka wiki mbili na zaidi ndo uone tofauti, na wengi wanaiacha siku ya nne wakisema haifanyi kazi. Unainamisha kichwa mbele kidogo, unaelekeza nje kuelekea upande wa sikio, usielekeze ukuta wa katikati ya pua utatoka damu, na usivute kwa nguvu ikaishia kooni. Yale matone ya haraka nikayaacha, siku za mwanzo nililala na mdomo wazi, pua imeziba kama ukuta, alafu ikaachia. Pamoja na hiyo nikawa naosha pua na maji ya chumvi asubuhi na jioni, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji, na maji yawe yamechemshwa yakapoa, si ya bomba moja kwa moja wala ya kisima. Kazini nikaanza kuvaa barakoa nikikunja. Wenzangu wawili sasa wanavaa pia.

Kuhusu vidonge, zile piriton na jamaa zake zinaleta usingizi, siku ya kuruka achana nazo kabisa. Zile za kuzibua zenye pseudoephedrine zinapandisha presha ya damu na kuendesha moyo mbio, usimeze kwa kuambiwa na rafiki, muulize daktari.

Kuzibua kwenyewe nilifundishwa na jamaa anayezamisha watalii Diani, wazamiaji wanajua haya mambo kuliko sisi. Kubana pua na kupuliza, ambako kunaitwa kwa jina la Mtaliano Valsalva, kunasaidia ukipuliza taratibu na mapema. Ukingoja mpaka uumie ndo upulize kwa nguvu unaweza kupasua sehemu za sikio la ndani kabisa, na huko hakushoneki kirahisi. Njia ya pili ni kubana pua huku unameza. Ya tatu ndo naipenda mimi, ya daktari Mjerumani Hermann Frenzel aliyewafundisha marubani wa vita, unabana pua, unafunga koo kama unayenyanyua mzigo, unasukuma nyuma ya ulimi juu kama unataka kutamka "k". Kifua hakifanyi kazi, ni ulimi tu. Ilinichukua muda kuipata, nilifanya mazoezi mbele ya kioo, pua ikituna kidogo kwenye vidole ujue umepata.

Siku ya kuruka sasa nafanya hivi. Kabla sijavaa vifaa, chini kabisa, nazibua kila sikio na nasikiliza, lazima yote mawili yaseme "tik" kwa nguvu ndogo. Moja likikataa, siruki, na naamua hapo chini kabla pesa haijalipwa wala mtu hajaningoja. Kwenye ndege mtu akitaka kuvaa vizibo vya sponji kwa ajili ya kelele sawa, ila avitoe kabla ya mlango, ukishuka navyo vimebana unatengeneza tatizo lingine nje ya ngoma. Nikiwa naanguka sibani pua, mikono ina kazi yake pale, nasogeza taya mbele na kumeza tangu sekunde za mwanzo kabla sijahisi kitu. Parachuti ikifunguka, kwanza naiangalia iko sawa, nashika vishikio vya kuiongozea, naangalia nani yuko karibu, ndipo masikio, polepole, mara kadhaa nikiwa bado juu. Nikianza kukaribia kutua sigusi tena pua. Na usisahau hizo futi 3,000 za mwisho, hewa ya chini ni nzito, kwa kila futi presha inabadilika zaidi kuliko huko juu.

Ukiwa umeshapaa ukahisi mambo si sawa, mwambie mwalimu ushuke na ndege. Hakuna aibu. Ila mwambie na rubani, manake ndege za kurusha watu zikishamwaga watu zinashuka kwa kasi mno, na ukinyamaza utaumia humohumo ndani. Mimi nishashuka na ndege, pesa ya nafasi ilienda, rubani alizunguka akishuka taratibu juu ya Kwale, nikala hasara na sikio likawa zima.

Wageni wa Diani nao nawaambia, wengi wanakuja wiki moja wanataka kuzamia na kuruka. Ruka kwanza, zamia baadaye. Ukishazamia ngoja masaa 24 kwa uchache kabla hujapanda juu, na hapo si habari ya masikio tena, ni gesi iliyobaki kwenye damu. Na sisi tunaofanya kazi pale, mgeni mwenye mafua ukimfunga kwa mwalimu bila kumuuliza, unamuumiza wewe, muulize kabla.

Kama umetua ukawa unasikia kizunguzungu kisichoisha, ama mvumo mkali, ama usikivu umekatika upande mmoja, usingoje mpaka Jumatatu wala usitie chochote sikioni. Nenda siku hiyohiyo, sikio la ndani likiumia kuna dawa zinazotakiwa mapema.

Mimi sasa hivi naruka, mara moja asubuhi, mara chache mbili kwa siku na napumzika masaa katikati. Kilima cha kushoto kimerudi karibu na katikati lakini hakijafika. Daktari ameniambia kikikwama kuna njia mbili zaidi, kutanua mrija kwa puto dogo linaloingizwa puani, ama kuweka kibomba kidogo kwenye ngoma yenyewe kipitishe hewa, na hiki cha pili kinamaanisha kujihadhari na maji muda wote kinapokuwemo. Ya puto bei yake ni nzito kwangu. Nimemwambia tuipe dawa ya pua mpaka kaskazi iingie, unyevu wa kusi ukiisha tupime tena tuone.